Mchoro ulioandikwa "Ø40" bila tolerensi ndio unaoua beringi za mashine zetu za kusaga

MchorajiMitambo (mwanzisha uzi)

Wakuu wa jukwaa la ufundi, salaam.

Kuna ugonjwa wa mashine za kusaga na kukoboa ambao unajirudia kila msimu, na nataka tuujadili kwa kina kwa sababu dawa yake inaanzia kwenye karatasi. Shafti inaletwa karakana, mwenye mashine analalamika kwamba beringi za siku hizi ni feki. Ukifungua unakuta gololi nzima na njia zake nzima. Kilichokufa ni kiti, yaani sehemu ya shafti ambapo beringi inakaa: ringi ya ndani imekuwa ikizunguka juu ya shafti, imeila, imeacha vumbi jekundu kama la kutu. Uliza mchoro uliotumika kukereza. Ukibahatika kuupata, pameandikwa Ø40, yaani kipenyo 40 mm, bila tolerensi, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua. Basi.

Hakuna kerezo duniani inayotoa 40 kamili. Fundi wa kwanza atatoa 39.97, wa pili 40.03, na hakuna hata mmoja aliyevunja agizo, kwa sababu agizo halikusema mwisho uko wapi. Kosa ni la aliyechora.

Tuchukue beringi 6208: tundu 40 mm, nje 80, upana 18. Hata mtengenezaji wake hakuahidi 40 kamili. Kwa daraja la kawaida, tundu linaruhusiwa kuwa popote kati ya 39.988 na 40.000. Linaweza kupungua mikroni 12, haliruhusiwi kuzidi. (Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele una unene wa kama 70.)

Sasa angalia kazi yenyewe. Mkanda unavuta puli upande mmoja muda wote, shafti inazunguka, na ringi ya ndani inazunguka nayo. Mzigo unapita kila sehemu ya ringi hiyo. Ikiwa kuna upenyo hata wa mikroni chache, mzingo wa ndani wa ringi unakuwa mrefu kidogo kuliko mzingo wa shafti, hivyo kila mzunguko ringi inabaki nyuma kidogo. Inatambaa. Kutambaa huko ndiko kunakokula chuma. Kukaza nati ya pembeni hakuzuii. Kinachozuia ni ringi kubana.

Kwa hiyo kwenye kiti naandika Ø40 k6. Jedwali la ISO 286, kiwango cha kimataifa cha tolerensi, linasema hiyo ni 40.002 hadi 40.018. Pigeni hesabu: shafti ndogo kuliko zote na tundu kubwa kuliko yote, bado inabana kwa mikroni 2. Shafti kubwa kuliko zote na tundu dogo kuliko yote, inabana kwa mikroni 30. Leo utafunga beringi hii, mwakani utanunua nyingine duka jingine, na zote zitabana bila mtu kukereza upya.

Ringi ya nje ni habari tofauti. Yenyewe imesimama, kwa hiyo haihitaji kubana hivyo. Nyumba ya beringi naandika Ø80 H7, yaani 80.000 hadi 80.030, wakati nje ya beringi ni 79.987 hadi 80.000. Upenyo unakuwa kati ya sifuri na mikroni 43. Hapo beringi ya upande mmoja inaweza kuteleza kidogo shafti inapopata joto na kurefuka. Ukizibana beringi zote mbili nje na ndani, shafti ikirefuka itazisukuma gololi pembeni na utazisikia zikilia.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja: urefu wote wa shafti ninayoizungumzia hapa ni 620 mm, na pale sihitaji mikroni. Milimita nzima haidhuru. Mchoro uliojaa tolerensi kali kila kona ni mbaya sawa na ule usio nayo kabisa, maana fundi atatumia siku nzima kwenye sehemu isiyobeba chochote, na mteja atailipia.

---

FundiKerezo

Uzi mzuri mkuu, ila niseme ukweli wa huku Gerezani, Dar es Salaam. Sisi tunapima kwa beringi yenyewe. Mteja analeta beringi, nakereza, najaribu, nikifika pale inapoingia kwa kugongwa kidogo na ubao nasimama. Hayo ya k6 hatuyatumii na mashine zinatembea.

---

MchorajiMitambo

Fundi, heshima yako. Mkono uliozoea unaweza kufika kwenye k6 bila kujua jina lake, na nimeona mafundi wa namna hiyo.

Shida ni mbili. Kwanza, umekereza kwa kufuata beringi moja. Kama tundu la hiyo lilikuwa 39.989 na ukaacha shafti 39.995, leo inabana vizuri kwa mikroni 6. Beringi itakayofuata ikiwa na tundu la 39.999, hiyo tayari ina upenyo wa mikroni 4. Mteja atakuja kukulaumu wewe ama muuza beringi, na wote wawili hamtajua kilichotokea.

Pili, wengi wanagonga ringi ya nje ili ya ndani iingie. Nguvu yote inapita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia zake. Gonga ringi inayobana tu, kwa bomba linaloienea mzunguko mzima, au pasha beringi moto kwenye mafuta hadi kama nyuzi 80 au 100 itaingia yenyewe.

---

JuaKaliKariobangi

Hapa Nairobi kuna ile dawa nyingine: shafti ikilegea, jamaa anachukua panchi anaigonga vidoti mzunguko mzima, beringi inashika. Ama anakata kipande cha mkebe wa soda anafunga. Customer anaenda akiwa amefurahi. Inakaa muda gani?

---

MchorajiMitambo

Ndugu yangu, vidoti vya panchi vinagusa beringi kwenye ncha tu. Ncha hizo zinalazwa na mzigo ndani ya saa chache za kusaga, na kabla hazijalala zinaipeleka ringi upande, shafti inazunguka ikiwa imepinda njia. Mkebe ni vilevile: unene wake hauko sawa na unachanika. Dawa ya kiti kilicholiwa ni kujaza kwa kuchomelea, kuacha kipoe taratibu, kukereza upya hadi k6, na kuhakiki kwamba shafti haijapinda kwa joto la kuchomelea. Au kukereza ndogo na kuingiza bushi inayobana. Kama shafti yenyewe ni chuma cha kawaida cha bei nafuu, mara nyingi mpya ni rahisi kuliko matibabu.

---

MwanafunziMitambo

Shikamoo wakuu. Nipo mwaka wa pili, ufundi mitambo. Hizi herufi na namba tunazikariri tu. H7, g6, k6, p6. Kuna namna ya kuzielewa?

---

MchorajiMitambo

Marahaba mdogo wangu. Herufi inakuambia eneo linaloruhusiwa limekaa wapi ukilinganisha na kipimo cha jina. Namba inakuambia eneo hilo ni pana kiasi gani. Herufi kubwa ni za tundu, ndogo ni za shafti.

Namba kwanza. Kwa kipimo cha 30 hadi 50 mm, daraja la 6 lina upana wa mikroni 16, la 7 lina 25, la 8 lina 39. Kipimo kikiwa kikubwa, daraja lilelile linapanuka, kwa sababu kukereza kitu cha 200 mm kwa usahihi ni kazi ngumu kuliko cha 20 mm.

Sasa herufi. H inaanzia kwenye kipimo chenyewe kwenda juu: tundu la 40 H7 ni 40.000 hadi 40.025. Weka humo shafti g6, ambayo ni 39.975 hadi 39.991, utapata upenyo wa mikroni 9 hadi 50. Hiyo ni ya kitu kinachoteleza kwa usahihi. Weka h6, 39.984 hadi 40.000, inaingia kwa mkono ukiwa umepaka mafuta. Weka p6, 40.026 hadi 40.042, hiyo inabana daima na utahitaji presi.

Ukiuliza kwa nini tundu linabaki H7 na shafti ndiyo inayobadilika: tundu la usahihi linamalizwa kwa rima (kifaa cha kulainisha tundu hadi saizi kamili), na rima inauzwa kwa saizi maalumu. Shafti unakereza unavyotaka. Kwa hiyo karakana inanunua rima moja ya 40 H7, halafu inapata fiti zote kwa kucheza na shafti. Beringi inageuza habari kidogo, kwa sababu tundu lake halifuati H. Eneo lake liko chini ya kipimo cha jina. Ndiyo maana k6 inayobana kwenye beringi, kwenye tundu la H7 inaweza kubana au kulegea kidogo.

---

MkaguziVipimo

Naomba niongeze la upimaji, maana hapa ndipo mchoro mzuri unapofia.

Eneo la k6 kwenye 40 mm ni mikroni 16. Venia (kipimio cha kuteleza) yenye mgawanyo wa 0.02 haiwezi kulithibitisha. Mtu anakuambia "nimepima 40.01" kwa venia, hicho ni kisio. Angalau maikromita ya 0.01 na ujue kusoma katikati ya mistari, au bora zaidi ile yenye mgawanyo wa 0.001. Kama unatoa shafti nyingi za aina moja, tengeneza geji ya pita na isipite: upande mmoja lazima upite, mwingine lazima ukatae. Haichoki na haibishani.

La pili ni joto. Vipimo vyote vya mchoro, kwa mujibu wa ISO 1, ni vya nyuzi 20. Karakana zetu ni 30 na zaidi. Kipande cha chuma na maikromita ya chuma vikiwa na joto moja, kosa kubwa linajifuta lenyewe kwa sababu vyote vimetanuka sawa. Hatari ni kupima kipande kilichotoka kukerezwa sasa hivi. Chuma kinatanuka kama mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kipande cha 40 mm kikiwa nyuzi 60 na maikromita iko nyuzi 30, kimezidi kwa karibu mikroni 14. Unasoma 40.010, unafurahi, unakitoa kwenye chaki (kishikio cha mashine ya kukereza). Kikipoa ni 39.996. Umekosa kiti, na ukirudi kesho utasema maikromita ina matatizo. Kimwagieni maji ya kupozea, subirini, ndipo mpime.

Alumini ni mara mbili ya hapo, mikroni 23 kwa mita kwa nyuzi. Nyumba ya beringi ya alumini ikipata moto inailegeza ringi ya nje ya chuma. Anayechora azingatie.

---

FundiKerezo

Hili la joto limenigusa. Kuna siku unakereza asubuhi inabana, jioni ukijaribu nyingine kwa kipimo kilekile imelegea. Na msasa je? Wengi tunamaliza kwa msasa.

---

MkaguziVipimo

Msasa unaondoa mikroni, fundi, na hauondoi sawasawa. Kiti kinakuwa na tumbo au kinapungua mwishoni. Acha uso wenyewe utoke laini kwenye kisu. Mchoro uandike Ra 1.6 (kipimo cha ukwaru wa uso, kwa mikroni) kwa kiti kilichokerezwa vizuri, au 0.8 kama kinasagwa kwa jiwe. Uso wenye mikwaruzo mirefu unadanganya: maikromita inapima vilele, beringi ikiingia inavilaza, na ule mbano uliouhesabu unapotea.

---

DadaWaKarakana

Mchorajimitambo umeeleza kipenyo vizuri sana kaka, lakini umeacha jambo ambalo mimi naliona ni kubwa zaidi. Viti vyote viwili vinaweza kuwa k6 safi na shafti ikawa takataka. Fundi anashika upande mmoja kwenye chaki, anakereza kiti cha kwanza, anageuza shafti, anakereza cha pili. Chaki ya meno matatu haikamati katikati kamili mara mbili mfululizo. Vipenyo sahihi, mhimili tofauti. Mashine ikiwaka inatetemeka, na lawama zinaenda kwenye nyundo za kusagia kwamba hazina uzito sawa.

---

MchorajiMitambo

Dada, umegusa penyewe, na ndiyo sababu kipenyo peke yake hakitoshi kwenye mchoro. Kuna tolerensi za ukubwa, na kuna tolerensi za umbo na mkao, ambazo ISO 1101 na ile ya Wamarekani ASME Y14.5 zinazishughulikia.

Kwa shafti yetu, viti viwili vya beringi ndivyo vinavyoiweka shafti kwenye mashine. Basi hivyo ndivyo msingi wa vipimo, datamu. Kiti cha kushoto nakiita A, cha kulia B, na mhimili unaopita katikati ya vyote viwili unakuwa A-B. Halafu nasema: kiti cha puli, ukizungusha shafti juu ya A-B, sindano ya geji ya saa isicheze zaidi ya 0.03. Na bega ambalo beringi inaegemea lisicheze zaidi ya 0.02.

Ukisoma hivyo, fundi anajua bila kuambiwa jinsi ya kuishika kazi: atoboe senta pande zote mbili na akereze kati ya senta, viti vyote na puli, bila kubadilisha mhimili. Mkaguzi naye anajua aiweke shafti kwenye vitalu viwili vya V, kimoja chini ya kila kiti, azungushe. Mchoro mmoja unaongea na watu wote wawili.

Na bega lisisahauliwe. Kwa 6208 kipenyo cha bega kisipungue 47 mm, na kona kati ya kiti na bega iwe na mviringo usiozidi milimita 1. Mviringo ukiwa mkubwa kuliko ule wa ringi, beringi itapanda juu ya kona na haitakaa kwenye bega. Ukikata kona kali bila mviringo kabisa, shafti itavunjikia hapo hapo.

---

MwanafunziMitambo

Na matundu ya bolti? Mwalimu alitupa kava la bolti nne, nikaweka ±0.1 kila upande, akaniambia ni ghali bila sababu.

---

DadaWaKarakana

Naomba nijibu hili. Mdogo wangu, anza na bolti. M10, tundu la kawaida la kuipitisha ni 11 mm. Upenyo ni milimita nzima. Kama bolti inapita kwenye kava na kwenye flanji, zote zikiwa na tundu la 11, basi mhimili wa kila tundu unaruhusiwa kukaa popote ndani ya duara la kipenyo cha 1.0 kuzunguka mahali pake sahihi, na bolti bado itapita. Kama flanji imekatwa nyuzi za kukazia bolti, bolti haina uhuru upande huo, kwa hiyo milimita hiyo mnagawana: 0.5 kwa kava na 0.5 kwa flanji.

Uliyoiandika wewe, ±0.1 kwa X na ±0.1 kwa Y, inatengeneza mraba wa 0.2 kwa 0.2. Drili yenye kichwa cha kawaida na alama ya panchi haifiki hapo. Utalazimisha jigi au mashine ya CNC kwa kava linalozuia vumbi.

Na mraba wenyewe una kasoro. Kwenye kona mhimili umetoka 0.141, kwenye upande umetoka 0.1 tu. Tundu lililotoka 0.12 moja kwa moja kulia linakataliwa, wakati lile la kona lililo mbali zaidi linapokelewa. Bolti ni ya mviringo, haijui kona. Aliyeliona hili na kulifanyia kazi ni Stanley Parker, kwenye kiwanda cha torpido cha Alexandria, Scotland, enzi za Vita vya Pili vya Dunia na kabla yake kidogo. Vipande vizuri vilikuwa vinakataliwa na wakaguzi ilhali vinafungika. Duara linalopita kwenye kona za mraba uleule lina eneo kubwa zaidi kwa asilimia 57, na kila tundu lililo ndani yake linafanya kazi.

Zaidi ya hapo, tundu likitoka 11.2 badala ya 11.0, bolti imepata nafasi zaidi, kwa hiyo mkao unaweza kulegezwa hadi 1.2. Ile M ndani ya duara kwenye mchoro ndiyo inayotoa ruhusa hiyo.

---

JuaKaliKariobangi

Swali la haraka. Nina bamba la chekecheke lenye matundu sita ya kufungia kwa mstari, kila moja 60 kutoka kwa lingine, ±0.2. Tundu la mwisho halikutani na fremu kabisa. Kila nafasi nimepima iko ndani.

---

MchorajiMitambo

Umepima mnyororo. Nafasi tano, kila moja inaruhusiwa 0.2, zikikosea zote upande mmoja tundu la mwisho limehama milimita 1. Usitoe kipimo kutoka tundu hadi tundu. Toa vyote kutoka ukingo mmoja au tundu la kwanza: 60, 120, 180, 240, 300. Kila moja ±0.2 yake, hakuna kurithi kosa la jirani. Na fremu nayo ipimwe kutoka ukingo uleule ambao bamba linaegemea.

---

JuaKaliKariobangi

Imeeleweka. Asante sana ndugu.

---

FundiKerezo

Basi mkuu, nichoree namna mchoro wa shafti hiyo unavyotakiwa kuniletea. Nataka niuonyeshe vijana wangu.

---

MchorajiMitambo

Fundi, nitapandisha picha jioni, ila kwa maneno ni hivi.

Viti viwili: Ø40 k6, na pembeni niandike pia 40.002 / 40.018 ili asiye na jedwali asibabaike. Ra 1.6. Kona mviringo usiozidi 1. Bega Ø47 au zaidi.

Kiti cha puli: Ø35 h6, puli yenyewe H7, mchezo wa sindano usizidi 0.03 kwa A-B. Njia ya kii (kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja) upana 10 N9, yaani 9.964 hadi 10.000, kina 5 kwenye shafti. Kii ya 10 kwa 8. Wengi wanakata njia pana ili kii iingie kirahisi. Ikilegea, kila puli inapoanza kuvuta inagonga, na ukuta wa njia unapasuka.

Urefu wote 620, mabega mengine yasiyobeba kitu, chamfa: hakuna tolerensi ya peke yake. Chini kwenye kisanduku cha mchoro naandika ISO 2768-m, yaani tolerensi za jumla za daraja la kati. Hiyo inatosha: kuanzia 30 hadi 120 mm ni ±0.3, hadi 400 ni ±0.5, hadi 1000 ni ±0.8.

---

MkaguziVipimo

Hapo kwenye kisanduku uwe mwangalifu tu. Wengi bado wanaandika 2768-mK. Ile m ya ukubwa iko sawa, lakini sehemu ya pili ya kiwango hicho, iliyohusu umbo na mkao, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ISO 22081 mwaka 2021. K usiiandike kwenye mchoro mpya.

---

MchorajiMitambo

Sahihi kabisa, ndiyo maana nimeacha m peke yake. Fundi, ukipata kijana anayetaka kuanza, mpe kwanza maikromita na vipande kumi vya zamani avipime asubuhi na mchana, aandike. Mashine aiguse baadaye.